Hodi kwenye Simu ya Mama

Kosa lilikuwa langu, tena la kizembe, na nalisema mapema kabla mtu hajamtafutia mama yangu lawama. Mimi ndiye niliyemnunulia ile simu, mimi ndiye niliyeiwasha, na ilipodai akaunti ya barua pepe nikaweka ya kwangu. Mama hana barua pepe, ana wenzake wa kanisani. Nikasema, aa, nitamfungulia yake siku nyingine. Mwaka mzima ukapita, siku nyingine haijafika.

Na hiyo ndiyo kazi yangu, jamani! Nina kibanda cha simu Kamwokya, upande wa sokoni, ambako spika za jirani zinatetemesha vioo vyangu tangu asubuhi. Kutwa nzima nawahubiria wateja. Zima eneo, kwa nini kila programu ijue unalala wapi? Weka namba ya siri, na isiwe mwaka uliozaliwa. Ukitumia simu ya mtu, futa ulichotafuta kabla hujamrudishia. Wengine wananiita mwalimu, wengine wananiita kisirani, kwa sababu mtu akiniletea simu isiyofungwa namgombeza kabla sijamwuliza imeharibika nini.

Basi asubuhi moja, sijanywa hata chai, nikagusa kisanduku cha kutafutia ili niulize bei ya betri fulani. Yakajipanga maswali ambayo mimi sikuyauliza.

La kwanza lilisema: "Habari ya kazi. Naomba kuuliza, uvimbe kwenye titi ambao hauumi ni kitu gani? Asante."

Mungu anisamehe, nilicheka. Niliijua sauti. Kampala nzima sijui mtu mwingine anayeisalimia intaneti kabla ya kuiuliza kitu, ila mama yangu, polisi mstaafu aliyeandika ripoti maisha yake yote na hawezi kuanza neno bila adabu. Kisha nikasoma mara ya pili, neno kwa neno.

Chini yake: "Habari ya kazi. Ni mimi tena wa jana. Uvimbe sasa una miezi minne."

Na la mwisho: "Habari ya kazi. Mama anaweza kutibiwa titi bila watoto wake kujua?"

Watoto wake ni mimi, binti mmoja. Hana mwingine.

Nilishusha bati la kibanda, nikaruka kwenye boda, nikamwambia dereva Luzira na asinizungushe. Mama amepanga vyumba viwili kule, upande wa kuteremkia ziwani. Nikausukuma mlango nikamkuta amekaa kwenye mkeka anachagua maharagwe. Sikusalimu.

"Titi lipi?" nikasema.

Mkono wake ukaenda kwenye vifungo vya sweta kabla hajafungua mdomo. Alifunga kimoja, kisha kingine, mpaka shingoni. "Nani amekuambia?"

"Simu."

Nikamweleza, nusu nafoka nusu nalia, kwamba simu zetu zinatumia akaunti moja, na anachouliza kwenye yake kinakuja kwenye yangu. Alisikiliza bila kunikatiza, kama alivyokuwa akisikiliza watuhumiwa kituoni.

"Kwa hiyo ulisoma."

"Sikukusudia, Mama."

"Ulisoma moja, au ulisoma yote?"

"Yote."

Akarudi kwenye maharagwe yake. Nikajua nimemuumiza.

Inabidi niseme tulikotoka. Nimelelewa kambi ya polisi, katika zile nyumba za bati za mviringo, familia mbili ndani ya moja, na katikati pazia. Upande wetu baba, mama na mimi. Upande wa pili askari mwingine na mkewe na watoto wanne. Ukikohoa, wote wanajua. Ndiyo maana wazee wetu walitufunza sheria moja kwa kiboko: hata kama ni pazia tu, hata kama unamwona mtu miguu yake kwa chini, unasimama, unapiga hodi. Mara tatu. Akinyamaza, hayupo. Unamsikia anapumua, lakini hayupo, unarudi ulikotoka. Mimi nilichapwa sana kwa sheria hiyo. Subira sikuzaliwa nayo.

"Baba yako alipougua," mama akasema, macho bado kwenye maharagwe, "kambi nzima ilijua ugonjwa wake kabla yeye hajaambiwa. Watu walikuja kumpa pole, yeye anauliza pole ya nini. Haya ya kwangu nilitaka niyajue mimi kwanza. Basi. Halafu ningekuita."

"Ungeniita lini? Miezi minne, Mama! Utakufa na adabu yako!"

Laiti ningeumeza ulimi. Mama aliinuka polepole, akachukua simu mezani akanipa, akaufungua mlango ambao tayari ulikuwa wazi kidogo, akausukuma mpaka mwisho. "Hii ni yako," akasema. "Ingekuwa yangu, ungepiga hodi."

Nilirudi Kamwokya nikakaa na ile simu. Nikaitoa akaunti yangu, nikafuta kila kitu, nikamfungulia ya kwake, ikabaki kukata ile njia ya maswali yake kuja kwangu. Kazi ya robo saa. Robo saa, mwaka mzima niliikosa! Lakini nilipofika pale pa mwisho kidole kikagoma. Nikikata, sitajua tena. Ataenda hospitali, hataenda, uvimbe umekua, haujakua, nitakuwa gizani kama jirani yeyote. Sijawahi kuogopa kitufe kama nilivyokiogopa kile. Nikakibonyeza.

Kesho yake mchana nikaenda Luzira. Nikasimama nje. "Hodi." Kimya, na redio inasikika ndani. "Hodi." Redio ikapunguzwa. "Hodi, Mama." Hakuna. Mlango ule haukuwa na komeo hata la kumzuia kuku, na mimi mama yangu yuko ndani na kitu kifuani mwake. Nikageuka nikaondoka. Banange, jamani, hizo hatua kumi za kurudi barabarani!

Siku ya pili vilevile, hodi tatu na kimya. Mwanamke anayekaanga mihogo karibu na lango akaniuliza kama nimekosana na mama. Nikamwambia ndiyo, na kosa ni langu.

Siku ya tatu, hodi ya tatu, nilikuwa nimeshageuka.

"Karibu."

Nikampa simu kwa mikono miwili. Nikamwambia, hii sasa ni ya kwako peke yako, weka namba yako ya siri, mimi siitaki. Akavaa miwani. Kidole kikasimama hewani, akanionyesha ukuta kwa kichwa. "Geuka huko."

Nikageuka. Nilitazama ukuta, na picha ya baba akiwa na sare, na nyuma yangu nikasikia namba nne zikibonyezwa, kisha tena nne, taratibu sana. Halafu akaniwekea chai ya mchaichai. Sikuuliza. Wanaonijua hawaamini, lakini nilikunywa chai yote ile na mandazi mawili, tukaongea habari za bei ya mkaa na mchungaji mpya anayehubiri mno, na sikuuliza.

Nilipovaa viatu akasema, "Alhamisi nakwenda kuchukua majibu. Saa mbili asubuhi. Usichelewe."

Kumbe alishakwenda. Alishapimwa, peke yake, asubuhi za siku zile mbili, kabla mimi sijafika mchana kusimama nje nikidhani amekaa tu.

Nisikuache roho juu: uvimbe ulikuwa mbaya, lakini ulikuwa bado mdogo, ukakatwa, na mama yupo. Juzi tu kanigombeza kwa kuweka chumvi nyingi. Lakini ile Alhamisi hatukujua chochote. Tuliingia kwa daktari, msichana mdogo mwenye sauti ya chini, akafungua faili, akaliinamia. Kisha akalifunga tena, akaniangalia mimi, akamgeukia mama.

"Mama, nikueleze mkiwa wawili, au huyu atusubiri nje?"

Nilishaanza kuinuka. Mama akanishika sketi, akanivuta chini kitini, na mkono hakuuondoa.

"Sema tu, daktari," akasema. "Huyu alipiga hodi."