Chungu cha Bibi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Bi Futi, maana futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda msibani. Wateja huja kushonewa, wakabaki kushangaa ua lililo chunguni nyuma ya cherehani: majani mapana kama sinia, limeparamia ukuta hadi darini.

Ushauri haukukosekana. "Lihamishe, Bi Futi. Chungu kinalibana."

"Mchezea zuri baya humfika," naye hujibu bila kuinua macho. "Gauni lako lenyewe tunapunguza au tunaongeza?"

Ukweli ni kwamba chungu hicho kilifinyangwa na mama yake, bibi yangu mimi. Mdomo wake ni mwembamba. Ua lisingetoka pasipo kukivunja. Na bibi hakuacha kitu kingine, hata picha.

Asubuhi moja shangazi alimwagilia, maji yakapita moja kwa moja hadi sakafuni. Jani jipya nalo lilikuwa limetoka dogo, limejikunja. Akalipima kwa futi.

"Mwanangu," akaniambia, "mtoto nguo ikimbana kwapani hasemi. Anaacha tu kuinua mkono."

"Basi tukivunje?"

"Usiseme hivyo. Mama niliyebaki naye ndiye huyu."

Hata hivyo alinituma chungu kipya, kilichozidi cha zamani kwa upana wa kidole tu, kwa sababu nguo pana mno nayo humpoteza mtoto. Akachukua nyundo, akairudisha, akaichukua tena. Alilia waziwazi, kisha akagonga.

Vigae vikaanguka, lakini udongo haukumwagika. Mizizi ilikuwa imeukumbatia wote, ikasimama yenyewe mbele yetu, myeupe, na umbo lilelile la chungu, tumbo na shingo.

Ubavuni mwa mizizi kulikuwa na matuta manne membamba, yamepanda mshazari. Nikageuza kigae kikubwa. Kwa ndani kilikuwa na mifereji minne, pale vidole vya bibi vilipopita udongo ukiwa bado mbichi. Mizizi ilikuwa imeifuata yote, miaka yote hiyo, gizani.

Shangazi alipiga magoti, akalaza vidole vyake vinne juu ya matuta yale. Vilikaa sawasawa.

"Shikamoo, mama," alisema.

Chungu kipya nilikuwa nimekishika tayari, ila sikuthubutu kumharakisha.