Haragwe Moja la Kavuo

Kavuo Clémence ndiye aliyenifundisha kula viazi bila kulalamika. Mimi ni mtu wa Kindu, nimekulia kwenye wali na samaki, na nilitumwa kufundisha katika vilima vya Lubero wakati ambapo bado kulikuwa na serikali ya kutuma watu. Kisha vita vikaja, vikaisha, vikaja tena. Mshahara ukapotelea njiani, barabara ya kwetu ikafungwa, nikabaki kijijini Vutondi na koti moja na baridi ya kutafuna mifupa. Kavuo na mume wake, Bertrand Maliro, walinipa chumba nyuma ya jiko lao.

"Mwalimu hapana mugeni," Kavuo aliwaambia majirani. "Mugeni anarudiaka kwabo."

Nilicheka, ingawa iliniuma.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa mikono na mchache wa maneno. Alizaliwa Kayna, akaolewa Vutondi akiwa na miaka kumi na minane, akamzaa Jessica, na baada ya Jessica akazika wawili. Mwaka wa tisini na sita, askari walipopita mara ya kwanza, kijiji kizima kilikimbilia kwenye msitu wa mianzi. Wengine walibeba sufuria, wengine magodoro. Mwenye cherehani alibeba cherehani. Kavuo alifunga mbegu za maharagwe kiunoni, chini ya kitenge, akambeba Jessica mgongoni, basi. Waliporudi baada ya miezi mitano, mbegu za kila nyumba zilikuwa zimeliwa. Yeye alikuwa na kiganja kimoja na nusu: maharagwe meupe yenye doa jekundu kwenye jicho, mbegu ya mama yake. Aliizidisha msimu kwa msimu, polepole, akiahidi kwamba siku itakapotosha kila nyumba itapata. Nilikuwa nakula maharagwe yale kila Jumapili, na kichwani mwangu yalikuwa maharagwe tu. Msomi mimi!

Bertrand alikuwa tofauti kabisa naye. Mrefu, sauti ya kuongoza nyimbo kanisani, mkono wazi kwa kila mtu. Harusi haikuchangamka mpaka afike, na jeneza halikuinuliwa mpaka yeye ashike upande wa mbele. Kijiji kizima kilimwita jasiri, nami pia.

Mwaka wa elfu mbili mzee Syauswa alikufa. Yeye ndiye aliyekuwa akitusemea kwa askari wa bariere ya barabarani, pale ambapo kila kapu la viazi lilipunguzwa kabla ya kufika sokoni. Siku moja alisema neno ambalo halikumpendeza mmoja wao. Walimpiga, akarudi nyumbani akiwa amebebwa, na baada ya wiki mbili tukamzika. Kamanda wao akatuma ujumbe kwamba anataka mtu mwingine. Kila kimoja cha vijiji sita vya mlima kimchague wake, kisha hao sita waliochaguliwa wakutane Lubero, wamteue mmoja wa kukaa na wakubwa. Kwa hiyo uchaguzi wetu ulikuwa wa kwanza tu, wa kumpata mtu wa kijiji. Lakini huyo wa kijiji ndiye ambaye angesimama mbele ya bunduki kila wiki, kwa hiyo kwetu ulikuwa mkubwa wa kutosha.

Zamani wazee walikaa wenyewe wakachagua. Safari hii katekista alisema watu wazima wote wachague, wake kwa waume, maana wanaopita bariere na makapu ni akina mama. Majina mawili yalitajwa mkutanoni: Bertrand Maliro na Phinées Kasonia, fundi seremala. Huko milimani, jina lako likitajwa mbele ya watu hulikatai. Kulikataa ni kuwaambia kwamba kwako wao si kitu. Bertrand alisimama, akashukuru kwa sauti yake nzuri. Phinées aliinuka nusu, akaketi. Kavuo alikuwa karibu nami na niliona vidole vyake vimekamata ncha ya kitenge. Nikadhani ni fahari.

Kazi ya kupanga kura nikapewa mimi, nami nikajiona mtu. Karatasi hatukuwa nazo, na mabibi wengi hawakujua kuandika. Nikawaambia kila mtu aje na haragwe moja kutoka nyumbani kwake. Nyuma ya ubao wa darasa nikaweka vyungu viwili, kimoja kimeegemezwa jembe la Bertrand, kingine kimewekewa kofia ya Phinées. Unaingia peke yako, unatumbukiza haragwe lako, unatoka. Hakuna atakayejua. Nikawahutubia kabisa: penye wengi hapaharibiki neno. Ningejua!

Jumapili baada ya sala watu tisini na watatu walipita nyuma ya ubao, mmoja mmoja; mimi msimamizi sikupiga kura. Kisha tukatoka uani, nikamwaga vyungu kwenye nyungo mbili, nikahesabu kwa sauti. Phinées arobaini na saba. Bertrand arobaini na sita. Watu wakapiga makofi, Bertrand naye akapiga, na mambo yangeishia pale kama ningezikusanya kura zangu upesi.

Koko Débora, bibi wa miaka sabini na kitu, aliinama juu ya ungo wa Phinées.

"Eh! Hii ya manjano, ya munene, njo ya Léa. Léa, hata weye kwa Phinées?"

Watu wakacheka, na Léa akafunika uso kwa kitambaa. Bibi akaendelea kuchambua kwa kidole. Hii nyeusi ya kwa katekista. Hii ya madoa ni ya ng'ambo ya kijito, wanapopandia kwenye udongo mwekundu. Mimi nimesoma miaka kumi na mitano, na hakuna aliyeniambia kwamba katika kijiji cha wakulima haragwe lina jina la mwenyewe. Koko Débora hakujua herufi hata moja, lakini kura zangu za siri alizisoma zote, tena bila miwani.

Ghafla kidole chake kikasimama. Akatandaza kiganja, akafunika kitu.

"Koko, toa mukono," alisema Mumbere, kaka mkubwa wa Bertrand.

"Niache, ninapumuzika."

Mumbere aliuinua mkono wake. Chini yake palikuwa na haragwe jeupe lenye jicho jekundu.

"Mu Vutondi nyumba moja tu iko na hii," Mumbere akasema.

Tukatazama ungo wa Bertrand. Huko pia kulikuwa na moja, moja tu. Watu wawili wa nyumba moja, maharagwe mawili, kila moja chungu chake. Hesabu hiyo haikuhitaji mwalimu: lile moja lingeingia kwa Bertrand, angeshinda yeye.

Nilijaribu kudanganya, nakiri. Nilisema labda liliruka nilipokuwa namwaga. Nilikuwa bado natafuta uongo wa pili wa kuusaidia ule wa kwanza, Kavuo akapita katikati ya watu.

"Mwalimu, wacha. Iko yangu. Nilitia mwenyewe mu nyungu ya Phinées."

Hakuna aliyecheka tena. Bertrand alitazama chini, akachukua jembe lake, akaenda zake. Maji yakimwagika hayazoleki, na ningepewa nafasi ya kujipiga mateke siku ile ningejipiga.

Tangu jioni hiyo Bertrand hakusema na mtu. Alikula peke yake, akaenda shambani peke yake. Mumbere alikuja kila siku, akisema maneno yaleyale mlangoni: mwanamke aliyemkataa mume wake mbele ya kijiji arudi kwao, mtoto abaki kwa ukoo wa baba. Jessica alikuwa na miaka tisa. Na kwao ni Kayna, bariere tatu kabla ya kufika, na mapigano hayakuwa mbali na barabara. Mwaka ule kumrudisha mwanamke Kayna peke yake kulikuwa kumtupa. Nilimngoja Bertrand aseme hapana. Alinyamaza tu, nami nikaanza kumchukia kidogo, ingawa nililala chini ya bati lake.

Siku moja nilimkuta Kavuo jikoni, furushi la nguo limefungwa miguuni pake.

"Mama Jessica, kwa nini ulifanya vile?"

"Kula, mwalimu. Viazi vinapoa."

"Mimi ndiye niliyekuharibia."

"Hapana weye," alisema, akalifungua furushi, akatoa kitenge cha kuvaa siku hiyo. Kesho yake lilikuwa limefungwa tena.

Siku ya tisa Mumbere alilipeleka shauri kwa Phinées. Sasa yeye ndiye mtu wa kijiji, aamue. Tukaenda kwenye karakana yake: Mumbere, Bertrand, Koko Débora, mimi, na Kavuo, ambaye alibaki amesimama mlangoni. Phinées ana mkono wa birika. Misumari iliyopinda huinyoosha na kuitumia tena mpaka ichoke yenyewe, na maneno pia huyabana hivyohivyo. Mumbere alisema kwa muda mrefu, juu ya heshima, ukoo, na mababu. Phinées alikuwa anapiga randa ubao. Mumbere alipomaliza, randa ikasimama.

"Bertrand," Phinées alisema. "Bibi iko wako, hapana wa Mumbere. Weye unasema nini?"

Bertrand aliokota chini unyoya wa mbao uliodondoka kwenye randa, akaukunja kwenye kidole mpaka ukakatika.

"Ile haragi haiko yake," alisema. "Yake iliingia mu nyungu yangu. Ile ya kwa Phinées iko yangu miye."

"Nini?" Mumbere alisema.

"Siku Syauswa alipigwa, nilikuwa pale na muzigo ya viazi. Nilisikia vile alikuwa analia. Munaniitaka jasiri juu nilibeba maiti yake. Mais maiti haipigake mutu. Niliogopa, yaya Mumbere. Kukatala jina mbele ya batu sikuweza. Donc nilikatala kule nyuma ya tablo ya darasa, kwenye hakuna mutu ananiangalia." Sauti ile ya kanisani ilikuwa imekwisha kabisa. "Mama Jessica alijua, sababu anajua yake aliitia wapi. Alisema iko yake, batu basinicheke. Na miye nikamuacha abebe. Siku tisa."

Nilikumbuka uongo wangu mdogo pale uani, na jinsi Kavuo alivyonitoa kwenye njia ili apitishe wake, mkubwa zaidi, akaulipia mwenyewe. Machozi yalinitoka na sikuyaficha.

Phinées aliweka randa chini, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Alors," alisema, huku akitazama ukuta, "miye pia yangu iko mu nyungu yako. Nilifikiri weye hauogopake."

Koko Débora akapiga kofi. "Nilijua! Ile ndogo ya kahawia! Nikasema hapana, Phinées hawezi kumupa mutu kitu bure."

Sote tukacheka, hata Mumbere, kwa shida. Bertrand peke yake hakucheka.

"Siku ya ine ya wiki hii ninaenda bariere," Phinées alimwambia. "Peke yangu ni mubaya."

"Tutaenda wote," Bertrand alisema. "Nitaogopa, mais nitaenda."

Mumbere alivaa kofia yake akatoka. Pale mlangoni alipunguza mwendo mbele ya Kavuo, nikadhani ataomba msamaha. Alisema tu kwamba mvua inakuja.

Tulirudi nyumbani watatu. Siku zote Kavuo hutembea nyuma ya mume wake, kama wanawake wa huko. Siku hiyo alitangulia, haraka, na Bertrand akamfuata bila kumwita. Uani alisimama akageuka. Ningepaswa kuingia chumbani kwangu, lakini miguu ilikataa.

"Siku tisa, Baba Jessica," alisema. Alikuwa analia, mara ya kwanza nimwone, na alikuwa amekasirika sana. "Leo kama ungenyamaza, ningeenda Kayna kweli. Hapana juu ya Mumbere. Juu yako."

"Najua," Bertrand alijibu.

"Hapana," Kavuo akasema. "Umejua leo."