Siku Niliyomfungia Mama Generoza Mlango

Sijivunii kuwaambia haya, lakini nusu ya soko la Nyaishozi walishaniona nimekwama dirishani, kichwa nje, makalio ndani, kwa hiyo hata nikificha namficha nani?

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka mafunzoni kusomea ushauri nasaha, nikapewa chumba kimoja nyuma ya zahanati, zamani kilikuwa stoo ya kahawa, nikawekewa viti viwili na jagi la maji. Shida yangu ilikuwa moja: watu wanakuja siku ya kwanza, hawarudi. Mmoja aliniaga katikati ya mazungumzo eti anakwenda kumhamisha mbuzi malishoni, na nadhani mpaka leo anamhamisha. Mkufunzi wetu alituambia kwamba mtu akishavuka siku ya tatu, huyo atabaki, basi nikaishika siku ya tatu kama dini.

Ndipo akaletwa Mama Generoza (jina si lake, na mwenyewe ameniruhusu kusimulia, kwa sharti nisijipendelee). Mumewe alikuwa amefariki miezi minne nyuma, na tangu mazishi alikuwa hasemi, analima maharage kimya, anamenya ndizi kimya, wanawe wakaanza kumwogopa. Wifi yake ndiye aliyemshika mkono hadi kwangu. Siku ya kwanza aliniitikia "marahaba," basi. Siku ya pili, "marahaba" na "ndiyo." Na mimi, kwa kuuogopa ule ukimya, nikawa nauliza na kujibu mwenyewe.

Siku ya tatu ikaangukia siku ya soko. Alikaa ukingoni mwa kiti, macho mlangoni, nikajisemea, huyu naye anakwenda zake. Nikainuka, nikafunga kwa ufunguo.

"Ili tusisumbuliwe, mama," nikamwambia. (Uongo mtupu.)

Nikamuuliza moyo wake unasemaje. Nikauliza kwa namna nyingine, nikasubiri, nikauliza tena, na mwishowe akafungua mdomo, nami nikasogeza kiti kwa furaha.

"Mwanangu," akasema, "nimebanwa na haja ndogo."

Nikakimbilia mlango, nikazungusha ufunguo kwa nguvu, ukakatikia ndani. Nikapiga mlango, nikaita, lakini kelele za soko zilikuwa kubwa kunishinda. Likabaki dirisha. Nikapanda juu ya kiti, nikatoa kichwa, nikatoa mabega, na hapo kiuno kikakataa, maana mwili wangu, mnaniona, si wa madirisha.

Muuza ndizi mmoja akaniona. "Jamani, njooni! Mshauri amekwama!"

Wakajaa. Mzee mmoja, kofia mkononi, akasema kwa sauti ya kusikitika kabisa, "Waitu, ndugu zangu, tumezoea wagonjwa kumkimbia mshauri, leo mshauri ndiye anamkimbia mgonjwa."

Soko zima likaangua kicheko. Lakini nyuma yangu, mle chumbani, nikasikia kicheko kingine, kwanza kidogo, kama kikohozi, kisha kikafunguka, na Mama Generoza akacheka mpaka akalazimika kushika sketi yangu asianguke.

"Usinichekeshe, nitajikojolea!" akapiga kelele. "Vuta pumzi, mwanangu. Nasukuma!"

Akanisukuma kwa bega, nikatua juu ya mkungu wa ndizi mbivu, sitaki kueleza zaidi. Fundi akaja kung'oa kitasa, na mama akapita mbio kuelekea chooni bila kumsalimu mtu.

Niliondoka kwa njia ya mashambani nikilia. Nilijua huyo sitamwona tena, na nani angekuja kumwaga siri zake kwa mtu kama mimi?

Wiki iliyofuata nilimkuta kwenye benchi, amefika kabla yangu. Akaingia mwenyewe, akakaa, akaegemea kiti.

"Siku ile njiani kurudi nyumbani nilitaka kumsimulia baba watoto," akasema. "Nikaandaa na maneno. Kufika mlangoni, nikakumbuka hayupo."

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Safari hii sikumsemea, sikumuuliza kitu, nilikaa naye tu mpaka akaendelea mwenyewe, na alipoanza hakunyamaza hadi saa sita.

Tangu siku hiyo sijamfungia mtu mlango, wala sitamfungia. Anayetaka kwenda naagana naye vizuri, namsindikiza hatua mbili tatu njiani, namwambia karibu tena. Wengine hawarudi. Lakini walio wengi, jamani, wanarudi.