Ulezi wa Bibi Kwenye Njia ya Baiskeli

Baba alininunulia baiskeli ya Kichina baada ya kuuza mahindi kwa wafanyabiashara wa malori. Kwa hiyo malori ndiyo yaliyonipa baiskeli, na malori hayohayo nusura yaninyang'anye. Tangu biashara iwe ruksa, barabara yetu ya kutoka Izia kwenda sokoni haina pumzi. Mwenye gunia yumo, mwenye baiskeli yumo, na lori linapita katikati yao likipiga honi kana kwamba barabara ni ya mjomba wake.

Mama alitoa hukumu mapema. "Siku nikisikia unabanana na malori, hiyo baiskeli inakwenda Mwimbi kwa babu yako ikabebe mahindi. Wewe utakwenda shule kwa miguu uliyopewa na Mungu."

Shule ni mbali, na upepo wetu wa asubuhi unang'ata masikio. Ndiyo maana bwana mipango wa mji alipokuja darasani kwetu, mimi, ambaye huwa nasinzia, nilikaa wima. Alisema kabla ya kuchora njia ya baiskeli lazima ajue waendeshaji wanatoka wapi, wanakwenda wapi na wanaogopa wapi.

"Mzee, tunaogopa nyumbani," nikasema, "matokeo yakitoka."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akanitupia jicho la tutaonana baadaye. Bwana mipango akacheka, kisha akanituma nikasimame kwenye kona ya sokoni, nitazame. Nikaona kwamba wanaotoka Mpui na magunia ya maharage hawageuki kutazama nyuma, kwa sababu wakigeuza kichwa, gunia nalo linageuka. Lori likija hawalioni. Nilipomweleza hivyo aliacha kucheka. Akachora njia ng'ambo ya mtaro, ambako lori halifiki hata likitamani.

Kipindi cha kujitegemea kikahamia huko. Tulibeba kifusi, tukashindilia, tukapaka mawe chokaa. Njia ikatoka nyororo kuliko sakafu ya nyumba nyingi za kwetu. Mama alikuja kuikagua, kanga mabegani, akaitembea hadi mwisho na kurudi. "Haya," akasema. "Lakini humuhumu tu."

Raha yangu ilidumu mpaka mavuno ya ulezi. Bibi yangu, mama yake baba, tunakaa naye. Asubuhi moja alitoka na ufagio, akaifagia njia mbele ya nyumba yetu, akamwaga ulezi wake wote pale, akautandaza kwa mguu.

"Wamenitengenezea mahali," akasema. "Jua lipo, mbuzi hawapo. Serikali siku hizi inafikiri."

Majirani walipoona mzee kaanza, wakaleta mahindi. Maharage yakafuata. Baiskeli zote zikarudi barabarani, na yangu pia.

Muuza migebuka aliyekuwa mbele yangu alibanwa na lori, akaingia mtaroni yeye, baiskeli na tenga lake. Alitoka mzima, tope hadi kwenye nyusi, akaanza kuokota samaki huku akimsimulia dereva habari za ukoo wa huyo dereva. Nilicheka, lakini nilishuka, nikaikokota baiskeli yangu njia yote iliyobaki. Habari ilifika nyumbani kabla yangu.

"Jumamosi baba yako anaipeleka Mwimbi," mama akasema.

"Mama, si umwambie tu bibi aondoe ulezi?"

"Mimi? Nimwambie mama mkwe wangu? Una homa wewe?"

Nikamtazama baba. Ghafla baba alikuwa na kazi kubwa ya kutafuta kiatu chake. Hata bwana mipango alikuja, akaamkia, akausifia ulezi, akaondoka na kibuyu cha togwa.

Nikawaza: kama hakuna wa kumkosea bibi heshima, basi tumheshimu. Tumheshimu mpaka achoke.

Siku zote tukipita tunarusha shikamoo toka juu ya baiskeli na kupotea. Lakini salamu ya Kifipa yenyewe si hiyo. Unashuka, unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unauliza nyumba, shamba, mifugo, na mzee anajibu kimoja kimoja. Kesho yake nikatoka alfajiri kuwafuata wenzangu, tukarudi pamoja; nikashuka mbele ya ulezi, nikachuchumaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Leo umeota nini?"

Nikauliza yote hadi afya ya jogoo. Nilipoinuka, mshikaji wangu akachuchumaa. Nyuma yake mwingine. Nyuma yao shule nzima ya kutwa, baiskeli zimelazwa, makofi yanalia. Uji wa bibi ulipoa mkononi. Kuku walikuwa wanadonoa ulezi, naye hawezi kuwafukuza kabla hajamaliza kuitikia. Jioni tukarudi kumuuliza ameshindaje.

Asubuhi iliyofuata alipotuona kwa mbali, akainua ufagio. "Simameni hapohapo! Wewe mume wangu, hii akili ni yako. Shuleni wanajua unayo?"

"Bibi, sisi tunakuamkia tu."

"Mtaniua kwa adabu." Akageukia majirani. "Njooni mtoe mahindi yenu, wajukuu wapite!" Hakuna aliyebisha. Tukabeba ulezi wake hadi uani, tukautandaza kwenye majamvi, naye akitukosoa kila kiganja.

Jumamosi baba aliamka akatazama baiskeli, akamtazama mama. Mama alikuwa mlangoni, anatazama waendeshaji wakipita ng'ambo ya mtaro na magunia yao. "Si ulisema utakata kuni?" akamwambia baba. Basi. Baiskeli haikwenda Mwimbi. Babu ametuma mtu kuuliza kama imepotelea njiani.

Bibi bado anatoka kila asubuhi na kigoda chake, anakaa kando ya njia bila ulezi. Kamzoea muuza migebuka, kazoea na makofi yetu. Juzi nilikuwa nimechelewa, nikapiga kengele nikapita.

"Mume wangu!" akaita. "Nikalete ulezi?"

Nikashuka, nikachuchumaa.