Umeme Uliobaki Kwenye Kapasita

Alikuwa amevuka hamsini mshona nguo huyu alipoanza kujifunza mambo ya saketi. Mwalimu wake alikuwa mumewe, fundi redio. Wote wawili walifanya kazi kibanda kimoja, na kila asubuhi walikwenda huko mkono wa mume ukiwa begani mwa mke. Mume alisema uzee unabisha hodi, afadhali mke ajue kazi zote mbili. Mke akaona ni mapenzi.

Akafundishwa kwamba umeme hautembei bila njia ya kurudi ulikotoka. Kwamba rezista inaubana, diodi inaupitisha upande mmoja tu, na kapasita inauweka akiba. Alisoma rangi za rezista kwa sauti, kahawia, nyeusi, nyekundu, na mumewe akajibu papo hapo: omu elfu moja.

Asubuhi moja waliletewa amplifaya mbovu. Wakachomoa plagi, wakafungua kifuniko. Mume akachukua balbu yenye nyaya mbili, akaigusisha kwenye kapasita kubwa ili inyonye umeme uliobaki. Balbu haikuwaka. Akasema kapasita ni tupu, endelea. Mke akaingiza mkono.

Alijikuta ameketi sakafuni, mkono ukimwaka moto hadi begani. Lakini kilichomtia bumbuwazi hakikuwa pigo lile. Mumewe alikuwa akimtafuta kwa kupapasa hewani, upande asiokuwepo kabisa.

"Niko huku," mke akasema.

Mkono ukageuka, ukashuka taratibu, ukamgusa utosini.

"Baba watoto, unaniona?"

"Naona mwanga tu. Mwezi wa nne huu."

Mke akaelewa. Kumbe zile nyaya za balbu mume aliziegemeza kwenye chuma cha kando, si kwenye kapasita. Kumbe ule mkono begani kila asubuhi njiani, alioudhani mahaba ya uzeeni, ulikuwa mkongojo. Mume akaeleza kwamba aliogopa kuwa mzigo, akataka kwanza mke aive kwenye kazi.

"Na kama ningekufa?"

Mke akainuka, akashika balbu, akaigusisha mwenyewe kwenye kapasita. Ikawaka kidogo, ikafifia, ikazimika. Akafunga kibanda mchana kweupe, akamshika mumewe mkono hadi hospitali.

Daktari alisema ni presha ya macho: kilichopotea hakirudi, kilichobaki kitalindwa kwa dawa ya matone. Siku tatu mke hakuzungumza naye ila mambo ya kazi. Ya nne akamwekea redio inayokoroma mbele yake, akamuuliza ugonjwa uko wapi. Mume akainamisha sikio, akasikiliza, akamwambia aanze na spika.