Mkeka wa Mjomba

Nyumbani kwetu, chini ya milima ya Uluguru, tuliswali kama majirani ila chakula chetu kilikuwa kingine. Baba na mama walitoka Somalia. Asubuhi mama alipika anjera, mikate myembamba ya Kisomali. Magimbi ya kufuturu tuliletewa na bibi jirani, Mluguru, aliyempokea mama siku alipofika Morogoro. Mtaani tuliitwa Wasomali. Ndugu wa baba, kwenye simu, walituita Waswahili.

Baba alitangulia mbele ya haki. Mama alipomfuata nilikuwa kidato cha pili, nina wadogo wawili wa kike. Nikaacha shule, nikashika kikaango chake.

Siku ya arobaini ya mama, baada ya hitima, baba mdogo aliyekuja kutoka Nairobi alikohoa kidogo. "Watoto ni wa baba. Hawa wadogo naondoka nao kesho. Wewe mkubwa, utaolewa."

Bibi jirani akaguna. "Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Msiba hauishi mpaka mjomba aseme watoto watalala wapi. Mjomba wao yuko wapi?"

"Huku hawana mjomba."

"Basi mkeka tuliomtandikia mjomba ule pale, mtupu. Utaongea na nani, bwana mrefu? Na ukuta?"

Wanawake wakacheka. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa ameng'ang'ania kanga yangu kwa mikono miwili. Nikaliweka chini sinia la pilau, nikaenda kuketi kwenye ule mkeka.

"Toka hapo," bibi akaninong'oneza. "Hapo ni pa mwanamume."

"Nisamehe bibi, sitoki." Nikamgeukia baba mdogo. Nilisema kwa Kisomali, kisha kwa Kiswahili ili wote wasikie: "Mjomba ni mimi. Wadogo zangu watalala hapa."

"Ana wazimu huyu! Hata dini huijui?"

"Dini yako ndiyo yangu, baba mdogo. Yatima hanyang'anywi nyumba yake."

Nilikuwa nimevunja mila ya Waluguru na ya kwetu kwa mpigo mmoja, na nilijua. Bibi akavuta sinia, akaliweka mbele yangu kabla ya wanaume wote.

"Kula, mjomba," akasema. "Mgeni ana safari kesho."

Baba mdogo aliondoka peke yake. Wadogo zangu wanasoma. Mtaani bado kuna wanaoniita Mjomba kwa kunicheka. Naitika, na kikaango kiko motoni.