Mashine ya Tatu

Kila simu yangu inaponitangazia kwamba kuna mfumo mpya, eti mzuri kuliko wa zamani, mimi huikumbuka mashine ya tatu na makalio ya mama yangu.

Ilikuwa Butembo, wakati wa vita. Nchi ilikuwa imekatwa vipande, na baba alikuwa amekwama kwenye kipande cha Kinshasa, alikofuata biashara ya maharagwe. Posta ilishakufa, na simu ilikuwa ya wakubwa. Lakini tajiri mmoja wa mjini alipachika sahani kubwa ya kunasa intaneti juu ya paa, akanunua kompyuta chache na jenereta, akafungua cyber. Mimi nilikuwa msimamizi, maana yake nilitia petroli iliyotoka mpakani Kasindi kwenye jenereta na kuwafundisha akina mama kusogeza kipanya bila kukiinua mezani.

Watu wa kwetu waliichukulia intaneti kama sanduku la posta. Mashine uliyosomea barua yako ya kwanza ndiyo ilikuwa yako. Ungekuta mashine mbili tupu na akina mama wamejipanga nyuma ya moja. Mama yangu alikuwa wa mashine ya tatu. Nilicheka, nikaeleza, nikachoka.

Nyumbani baba alikuwa na maneno matatu: ugali, mvua, funga mlango. Kinshasa ilimfungua mdomo. Aliandika jinsi mto ulivyonuka, jinsi alivyopotea sokoni kwa kukosa Kilingala, na kwamba kicheko cha mama kilikuwa kinamjia ndotoni. Mama alisoma polepole, midomo ikicheza, akinisukuma niangalie pembeni. Alikuwa amepata mume mpya ndani ya yuleyule wa zamani, na hakuwa tayari kumpoteza.

Ndipo patron, yule tajiri wetu, alipomleta fundi kutoka Kampala na diski ya mfumo mpya. Ule wa zamani uliganda ovyo na ulijaa virusi. Fundi alifuta mashine ya kwanza na ya pili, akasogea kwenye ya tatu. Mama akamtangulia kwenye kiti, akakaa.

«Mama, toka kidogo,» patron akamwambia. «Tuko naweka système mupya.»

«Na barua za bwana yangu mutaziweka wapi?»

«Barua haziko mu machine, mama. Ziko mu internet.»

«Miye nilizisomea apa. Siko natoka.»

Niliona aibu. Nikajitia utaalamu, nikamwambia hatapoteza kitu, mradi tu tunajua neno lake la siri. Halafu nikakumbuka jambo. Sikulijua, wala mama hakulikumbuka. Miezi yote ile mashine ya tatu ilikuwa ikilijaza yenyewe. Hata anwani ya baba hatukuwahi kuiandika, tulibonyeza tu pa kujibu. Na siku hiyo mvua ilikuwa imeinyamazisha sahani, hakuna ukurasa uliofunguka, na fundi alikuwa na lori la kuwahi.

Nikamnong'oneza patron. Akamtazama mama, akatazama jinsi makalio yalivyokwisha kujipanga kwenye kiti.

«Bon. Ile tuiache,» akasema.

Mvua ilipokatika niliinakili anwani ya baba, nikamfungulia mama sanduku jipya, nikamwambia sasa yuko huru kukaa popote. Hakuhama.

Vita vilipopoa, baba alishuka kwenye ndege Beni. Mama alikwenda kumpokea amevaa kitenge kipya, na mimi nikamsindikiza. Njia nzima ya kurudi Butembo baba alisema jambo moja, kwamba barabara imeharibika. Alipofika nyumbani akawasha redio. Ugali, mvua, funga mlango. Mama alivumilia, kisha akaanza tena kuja cyber na kufungua barua zilezile za zamani.

«Si papa amerudia?» nikamwuliza.

«Amerudia. Lakini ule wa apa, wa mu machine, ndiye alikuwa nasema.»

Iliniuma. Nilimfikishia baba maneno hayo hivyohivyo yalivyo, akiwa anafunga kamba za viatu. Akazikaza, akatoka. Lakini alasiri moja akaingia cyber, akavua kofia. Nikampa mashine ya kwanza, yenye mfumo mpya, iliyompa mgongo mama, ambaye alikuwa amekaa kwenye ya tatu. Alitafuta herufi kama anayechagua mawe kwenye maharagwe, akiilaani mashine chinichini.

Barua ikatua kwenye mashine ya tatu: «Asubui niliona goti iko nakuuma. Nilikosa namna ya kuuliza.»

Mama hakugeuka. Aliniambia, kwa sauti iliyosikika cyber nzima: «Umuandikie: iko nauma bado.»

Baba alisikia kila neno, mgongo wake karibu uguse wa mama. Alisubiri mpaka barua ifike, akaisoma, ndipo akaanza kutafuta herufi za kujibu.